Pete za vitunguu za chama

Kikundi: UKOO WA BAHATI 🏡
Jumamosi

11:52 Mama Kevo: Hamjambo nyote. Mwenye eafraya, ile mashine ya kupikia kwa hewa moto, anijibu haraka. Wana chama, wenzangu wa kuweka akiba, wanafika saa tisa na hizi pete za vitunguu za friza zimenigomea. Juu zimeshika rangi, chini unga bado mweupe na umelowa.

11:52 Mama Kevo: [Picha]

11:54 Shangazi Lanet: Wifi! Hizo ni soksi zimeanuliwa kabla hazijakauka 😂😂

11:54 Mama Kevo: Cheka lakini ujibu.

11:55 Shangazi Lanet: Umeweka ngapi kwa mara moja?

11:55 Mama Kevo: Nusu pakiti. Si kikapu ni kikubwa?

11:57 Shangazi Lanet: Hapo ndipo kuna maneno. Kile kikapu usikijaze ati kwa sababu kinajazika. Ile mashine haizamishi chakula kwenye mafuta. Juu kuna koili ya moto na feni inayosukuma ile hewa moto izunguke. Pete ikilaliwa na nyingine, hewa haifiki pale zinapogusana, mvuke unakwama, unga unalowa. Panga safu moja tu, zisikanyagane.

11:58 Kevo: Na kitunguu chenyewe ni maji karibu asilimia 90. Hayo maji lazima yapate pa kutokea.

11:58 Baba Kevo: Naona karo imeanza kuzaa matunda.

11:59 Mama Kevo: Safu moja nitamaliza saa ngapi? Tuko watu kumi na wawili!

12:01 Shangazi Lanet: Mkupuo mmoja ni dakika nane hadi kumi, nyuzi 200. Kwanza iwashe ikiwa tupu dakika tatu hivi ishike moto. Zikifika nusu ya muda, vuta kikapu ugeuze moja moja kwa koleo. Usizitikise kama viazi, ganda litabanduka ubaki na kitunguu uchi.

12:02 Mama Kevo: Pakiti imeandikwa nyuzi 220, dakika 18.

12:03 Shangazi Lanet: Hayo ni ya oveni. Oveni ni chumba, hii ni kijisanduku chenye upepo. Shusha nyuzi ishirini, na dakika usizimalize zote, anza kuchungulia mapema. Mashine zetu pia hazifanani. Yangu inachoma upande wa nyuma kuliko mbele.

12:04 Baba Kevo: Na mafuta je? Nimeuona mkono wa mtu ukimimina.

12:04 Mama Kevo: Baba Kevo, si ulisema unaenda kuosha gari?

12:06 Shangazi Lanet: Mafuta usimimine. Hizo pete zilikwishapitishwa kwenye mafuta kiwandani ndiyo ganda likashika, wewe unamalizia tu. Ukiona sehemu ina unga mkavu kama vumbi, gusia na brashi kidogo, basi. Zingine ziache.

12:07 Mama Kevo: Sawa. Hizi zilizobaki nimeziweka kwenye sinia ziyeyuke kidogo, zitaiva haraka.

12:07 Shangazi Lanet: RUDISHA KWA FRIZA

12:07 Shangazi Lanet: Sasa hivi!

12:09 Shangazi Lanet: Zinatoka kwa friza zinaingia kwa moto, hakuna kituo katikati. Ikiwa imeganda, ganda la nje linakauka kabla kitunguu ndani hakijaanza kutoa maji. Ukiiyeyusha, ile barafu yote inakuwa maji ndani ya unga, na hapo hata ungekuwa na jiko la hoteli huwezi kuikausha.

12:10 Mama Kevo: Kevo amezirudisha. Asante wifi.

12:14 Anko Fundi: Nimeamka na kelele zenu. Shemeji, swali moja. Hiyo mashine umeichomeka wapi?

12:15 Mama Kevo: Kwenye ekstensheni ya kaunta, pamoja na birika la chai.

12:15 Anko Fundi: 🙆🏾‍♂️

12:18 Anko Fundi: Angalia kibandiko chini ya mashine kimeandika wati ngapi. Nyingi ni kama 1500. Birika la umeme nalo ni 2000. Jumla 3500. Plagi ya ekstensheni ina fyuzi ya ampia 13, stima yetu ni volti 240, zidisha: 3120. Umeshapita. Na hizo waya nyembamba za kuuzwa kando ya barabara huwa hata 13 hazibebi. Fyuzi ikiwa ya maana huenda ikakatika, ikiwa feki waya unaweza kuyeyuka kwanza.

12:19 Kevo: Anko, ile plagi ina moto ukiishika.

12:19 Anko Fundi: Toa! Mashine ichomekwe kwa ukuta peke yake. Chai ipikwe kwa gesi.

12:20 Mama Kevo: Imetolewa. Na tokeni za stima jameni, si hii kitu itanimalizia tokeni kabla wageni hawajaketi?

12:22 Anko Fundi: Wati 1500 kwa dakika kumi ni robo uniti. Hata ukipika saa nzima mfululizo haitazidi uniti moja na nusu, na kwa kweli ni chini ya hapo kwa sababu ikishafika joto lake inajikata na kujiwasha. Nyumba yenu inayokula tokeni ni ile bafu ya maji moto. Kuna mtu huimba huko ndani albamu nzima.

12:22 Kevo: 👀

12:31 Shosho: 🎤 [Ujumbe wa sauti, 1:04]

12:33 Kevo: Kwa wasioweza kufungua: Shosho anasema vitunguu vimejaa Soko la Wakulima, kwa nini tununue vya pakiti vilivyoganda kama mawe. Anasema mchanganye unga wa dengu, chumvi, bizari, maji, mchovye vitunguu, mtie kwa hiyo mashine, mtakuwa na bajia na pesa itabaki.

12:36 Shangazi Lanet: Mama, shikamoo. Hilo nililijaribu. Ule uji wa bajia unashikana ukikutana na mafuta moto, papo hapo. Kwa hii mashine hakuna cha kuushika, unachuruzika kupitia matundu ya kikapu kabla haujaiva. Kitunguu kinabaki uchi, na chini kwenye trei kuna chapati ambayo haikuombwa. Bajia ni ya karai.

12:38 Shangazi Lanet: Ukitaka kupika vya sokoni kwa eafraya, ganda liwe kavu. Unga wa ngano kwanza, halafu yai, halafu chenga za mkate mkavu ukizibandika kwa vidole. Kisha weka kwa friza nusu saa zishikane. Brashi ya mafuta hapo ni lazima, kwa sababu hazijawahi kuona mafuta. Lakini si kazi ya leo, wageni wako njiani.

12:39 Shosho: 🎤 [Ujumbe wa sauti, 0:09]

12:39 Kevo: "Marahaba. Kwa hivyo ni mashine ya kupikia vilivyokwisha kupikwa."

12:40 Anko Fundi: 😂😂😂 Shosho hana presha

12:41 Kevo: Shosho, hata hizi za pakiti si vitunguu vilivyokatwa duara. Nimesoma pakiti, vimesagwa vidogo vidogo vikaundwa upya kuwa pete. Ndiyo maana zote ziko saizi moja.

12:42 Baba Kevo: Mimi zinanifaa hizo. Zile za kukatwa ukiuma mara moja kitunguu chote kinatoka, unabaki umeshika ganda mbele za watu.

13:05 Mama Kevo: [Picha]

13:05 Mama Kevo: Wifi!!! Angalia!

13:06 Shangazi Lanet: Eeeh! Sasa hizo ni zenyewe. Zinalia ukivunja?

13:06 Mama Kevo: Kevo amekula moja jirani wa juu akasikia. Kikapu kiliingia tisa tu, dakika tisa. Nitaendelea hivyo hivyo nikiweka kwenye hotpoti zisipoe.

13:40 Mama Kevo: Jamani. Nimefungua hotpoti. Zimelegea TENA. Zote! Nimefuata kila kitu.

13:42 Shangazi Lanet: Haiwezekani. Nyuzi ngapi?

13:42 Mama Kevo: 200. Safu moja. Kutoka friza. Nimegeuza kwa koleo.

13:43 Anko Fundi: Labda stima ni hafifu, hii wikendi inashuka shuka.

13:47 Shosho: 🎤 [Ujumbe wa sauti, 0:31]

13:49 Kevo: Shosho anasema: "Mama Kevo, hotpoti ni ya chapati, ibaki laini. Angalia kifuniko kwa ndani kama hakina matone. Hayo matone yanarudia chakula. Kitu ulichokausha hakifunikwi. Tandaza kwenye ungo, upepo upite chini."

13:50 Mama Kevo: Kifuniko kinachuruzika maji 🙈

13:50 Shangazi Lanet: Mama ametushinda wote.

13:52 Shangazi Lanet: Wifi usitupe. Tandaza kwenye ungo kama alivyosema, au ule waya wa ndani ya oveni, chini uweke sinia. Usitie karatasi ya shashi, nayo inashika jasho. Wageni wakishaketi, zirudishe kwa mashine dakika mbili tatu, nyuzi 200. Hapo hata zikigusana kidogo si neno, zimeshaiva, unafukuza maji tu. Chumvi usiongeze kabla, itavuta maji, na ganda lenyewe lina chumvi ya kutosha.

13:53 Kevo: Tuweke karatasi ya kuokea ndani ya kikapu ili tusioshe?

13:54 Shangazi Lanet: Ukiweka, iwe na matundu, na isiingie peke yake wakati mashine inashika moto. Feni itaipeperusha igonge koili iungue. Osha tu kikapu kijana wangu, maji ya vuguvugu na sponji laini. Sio steelwool.

14:10 Mama Kevo: Nimefungua pakiti ya pili. Mbona ni jiwe moja? Pete zimeshikana zote na kuna vipande vya barafu ndani.

14:12 Anko Fundi: Hiyo iliyeyuka ikagandishwa tena. Kuna maduka huzima friza usiku kuokoa stima, asubuhi wanawasha. Ukiona theluji imejaa kwenye pakiti na vitu vimeungana, jua.

14:12 Mama Kevo: Nikigonga kwa kaunta zitaachana?

14:13 Shangazi Lanet: Zitaachana vipande. Na hujui zilikaa saa ngapi zikiwa na joto. Rudisha dukani na risiti. Siku nyingine ukiwa dukani tingisha pakiti, usikie zikicheza ndani moja moja.

14:14 Baba Kevo: Gari imeshaoshwa, naenda kurudisha. Nibebe na nini? Naweza kupitia mutura, zile soseji za utumbo.

14:14 Mama Kevo: Wana chama hawali mutura, Baba Kevo. Leta viazi kilo mbili na ukwaju.

14:15 Anko Fundi: Sisi wana ukoo tunakula lakini.

14:21 Shangazi Lanet: Ukwaju ni wazo zuri. Loweka, chuja, pilipili, sukari kijiko, chumvi. Kwa vitunguu inashinda hiyo sosi nyekundu ya chupa. Iwe kwenye bakuli lake, mtu achovye mwenyewe, usimwagie juu.

15:35 Mama Kevo: Wamefika. Nimezirudisha kwa moto dakika tatu zikawa kama mpya. Mweka hazina ameuliza nimeagiza wapi.

15:36 Shangazi Lanet: Umemwambia?

15:36 Mama Kevo: Nimemwambia Section 58, jikoni kwangu.

15:37 Anko Fundi: Birika liko wapi?

15:37 Mama Kevo: Chai iko kwa gesi, shemeji. Tulia.

16:48 Shosho: 🎤 [Ujumbe wa sauti, 0:06]

16:49 Kevo: "Na mimi nimewekewa?"

16:50 Mama Kevo: Mama, Baba Kevo anakuja Bahati jioni, nimekutengea nne. Ziko kwenye ungo, hazijafunikwa. Kevo amekaa hapo karibu anazilinda.

16:52 Kevo: Tatu.