Naomba ushauri: naenda Salvador, Brazil, nianzie wapi?

Wakuu, habari zenu. Mwezi ujao nitakuwa Salvador, mji uliokuwa makao makuu ya Brazil tangu 1549 hadi 1763. Pelourinho, mtaa wa kale wa mji huo, siwezi kuukosa. Ila kiu yangu kubwa ni kanisa la Rosário dos Pretos, lililojengwa na watu weusi, watumwa na walio huru, ambako misa huenda na ngoma. Mliofika, mgeni anaingia tu au kuna utaratibu? Mercado Modelo nitapitia haraka, masoko ya watalii hayanivutii sana. Natamani pia kuwaona Ilê Aiyê, kundi la kanivali lililoanzishwa 1974 mtaa wa Liberdade. Je, jioni huko ni salama kwa mwanamke aliye peke yake?