Ulinganisho: Mfuko wa Jimbo, bajeti ya halmashauri au TASAF, ipi imalizie boma la kijiji?

SautiYaKitongoji
Wakuu, tulinganishe fedha za serikali zinazoweza kuingia kwenye mradi ulioanzishwa na wananchi wenyewe. Tuchukue mfano mmoja ili tusizunguke: shule ya msingi ya kijiji hapa Tanzania, boma (jengo lisilokamilika) la madarasa mawili, kuta zimefika usawa wa lenta, yaani mkanda wa zege unaopita juu ya milango na madirisha, zege la lenta bado. Mchanga, kokoto, maji na nguvu kazi vipo. Pesa taslimu ya kijiji ni ndogo. Milango inayotajwa kwenye mikutano ni minne: Mfuko wa Jimbo, bajeti ya halmashauri, TASAF (Mfuko wa Maendeleo ya Jamii) na asilimia 10. Mlango upi unafaa hatua ipi, na nini hukwamisha? Naomba utaratibu, siasa tuziweke kando.

Mpangaji_Halmashauri
Mlango mmoja uondoe mapema. Asilimia 10 ni mkopo usio na riba, si ruzuku. Unatokana na mapato ya ndani ya halmashauri: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, chini ya kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa. Unakwenda kwa walengwa hao kwa shughuli ya kuingiza kipato, na unarejeshwa. Kijiji hakikopi kujenga darasa.

Mfuko wa Jimbo, yaani fedha ya kuchochea maendeleo ya jimbo la uchaguzi, upo kwa sheria ya mwaka 2009. Mbunge ni mwenyekiti wa kamati, afisa mipango wa halmashauri ni katibu, na ndani wamo madiwani, watendaji wa kata na mwakilishi wa asasi za kiraia. Fedha ya kila jimbo hupangwa kwa vigezo: sehemu sawa kwa majimbo yote, sehemu kwa idadi ya watu, kiwango cha umaskini na ukubwa wa eneo. Ukiigawa kwa vijiji vyote inakuwa ndogo sana. Kwa hiyo inafaa kazi fupi yenye mwisho unaoonekana. Lenta ni kazi ya namna hiyo. Paa zima la madarasa mawili si kazi ya namna hiyo, na ukiliomba utapewa bati ishirini zitakazokaa stoo mwaka mzima.

Bajeti ya halmashauri ndiyo yenye uwezo wa kumaliza. Mara nyingi fedha ya serikali kuu ya kukamilisha maboma imekuja kwa kiwango cha shilingi milioni 12.5 kwa darasa moja na milioni 50 kwa boma la zahanati. Ukitaka kupima, madarasa mapya 15,000 ya fedha za UVIKO-19 mwaka 2021 yalipangiwa milioni 20 kila moja kuanzia msingi. Ndiyo maana boma lililosimama lina nguvu mezani: kazi kubwa wananchi wameshaifanya.

Shida ya bajeti ni kalenda. Mwaka wa fedha huanza 1 Julai na kuisha 30 Juni. Mpango wa kijiji upite serikali ya kijiji na mkutano mkuu, uende Kamati ya Maendeleo ya Kata, kisha wataalamu wa halmashauri, Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango, halafu Baraza la Madiwani kati ya Januari na Machi. Kijiji kinacholeta ombi mwezi Aprili kinaomba fedha ya mwaka unaofuata ule unaofuata. Anzeni Septemba, Oktoba ikizidi sana.

Mama_Mradi
Kwenye TASAF watu wengi wanachanganya vitu vitatu. Kuna ruzuku kwa kaya maskini zilizoorodheshwa kama walengwa: hiyo ni ya kaya, kijiji hakiigusi. Kuna ajira za muda, ambapo walengwa wanalipwa kwa kufanya kazi ya jamii: lambo, barabara ya kijijini, kitalu cha miche, makinga maji. Sehemu kubwa ya fedha hapo ni ujira, vifaa ni kidogo. Na kuna kuendeleza miundombinu ya huduma, ambako darasa, zahanati au nyumba ya mtumishi vinaweza kuingia, lakini kwa ratiba ya mpango wenyewe na kwa maeneo yaliyoingizwa. Kijiji hakiandiki barua leo kikapata kesho.

Kwa boma hili TASAF si chaguo la kwanza. Ila kama njia ya kufika shuleni inakatika masika, au shule haina chanzo cha maji, hizo ndizo kazi za kupeleka kwenye ajira za muda. Zitajeni kwenye mkutano wa kuibua miradi, kwa kipaumbele kilichoandikwa. Mradi usiotajwa siku ile mwezeshaji hawezi kuuingiza baadaye.

Jembe_la_Kata
Mpangaji, sikubaliani na kuanza na Mfuko wa Jimbo kila mara. Mwaka wa uchaguzi mkuu, Bunge likishavunjwa kamati haina mwenyekiti hadi mbunge mpya apatikane. Na miaka mingine maombi ni mengi hadi kamati inagawa mifuko kumi kumi ya saruji ili kila kata iridhike. Mifuko kumi haimwagi lenta ya madarasa mawili, na saruji haisubiri: ikikaa miezi miwili au mitatu kwenye stoo yenye unyevu inaanza kuganda na kupoteza nguvu.

Mapato ya ndani ya halmashauri nayo yana fungu la maendeleo. Miongozo ya bajeti imekuwa ikizitaka halmashauri zitenge asilimia 40, na zenye makusanyo makubwa 60, kwa miradi. Diwani akishikilia, lenta inaweza kutoka humo. Tatizo ni kwamba makusanyo yakishuka, fungu hilo ndilo linalokatwa.

Mpangaji_Halmashauri
Hoja ya mifuko kumi ni ya kweli, na chanzo chake mara nyingi ni barua yenyewe. Barua inayosema "tunaomba msaada wa vifaa vya ujenzi" inajibiwa kwa kiasi chochote. Barua inayosema kazi moja, vipimo vyake na orodha ya vifaa inamlazimu katibu aiweke mezani kwa ukamilifu: iidhinishwe yote au ikataliwe. Kamati ikikata nusu, serikali ya kijiji iandike haraka namna itakavyojaza pengo, au iombe fedha iahirishwe hadi itoshe. Kupokea nusu kimyakimya ndiyo njia ya kupata vifaa vinavyooza.

Fundi_Lenta
Basi tuweke hesabu ya barua hiyo. Tuseme mkanda wa lenta una jumla ya mita 60, upana sentimita 15, kina sentimita 20. Zidisha: mita za ujazo 1.8. Zege la 1:2:4 (saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne) linakula takribani mifuko 6.5 ya saruji ya kilo 50 kwa mita moja ya ujazo, kwa hiyo mifuko 12. Ongeza mmoja wa upotevu.

Nondo za mm 12, nne kwa urefu wote: mita 240, yaani vipande 20 vya mita 12. Maungio yanapandiana, weka 22. Ringi (vyuma vya kuzungushia nondo) za mm 8 kila sentimita 20: ringi 300, kila moja inakula takribani sentimita 60 pamoja na vikunjo, jumla mita 180, vipande 15. Binding waya, misumari na mbao za boksi la kumwagia zege ziorodheshwe pia, kwa sababu ndizo zinazosahaulika halafu fundi anasimama siku ya kumwaga. Vipimo hivi ni vya mfano. Mhandisi wa halmashauri ndiye anayesaini vya kwenu, na michoro yake ikitaka zaidi fuateni michoro.

Kupima zege bila mashine: mfuko mmoja una ujazo wa lita 35 hivi. Ndoo ya lita 20, basi mchanga ndoo tatu na nusu, kokoto ndoo saba, zijazwe na kusawazishwa mdomoni. Makoleo hayapimi kitu, kila kibarua ana koleo lake. Maji yasizidi: zege likitiririka kama uji, limeharibika. Nondo zisilale juu ya tofali, ziinuliwe kwa vipande vya zege vya sentimita 2.5. Baada ya hapo mwagieni maji siku saba bila kuruka.

Kichwa_Ngumu
Na mhandisi asipokuja? Wananchi wamejitolea, waendelee tu?

Fundi_Lenta
Hapana. Mhandisi aone msingi na kuta kabla ya lenta, na aone nondo zikiwa wazi kabla ya zege. Boma lisilo na taarifa ya ukaguzi likifika kwenye bajeti linaweza kuandikwa "libomolewe," na hapo jasho la wananchi limepotea. Yaangaliwe hasa mambo mawili: vipimo vya chumba vilingane na ramani ya serikali, na pembe ziwe za mraba. Chumba kilichopunguzwa nusu mita ili kubana tofali ni sababu tosha ya kukataliwa.

Daftari_la_Kijani
Naongeza upande wa ukaguzi, kwa sababu miradi mingi inakufa kwenye karatasi wakati kuta ziko imara.

Kwanza ardhi. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, halmashauri ya kijiji haigawi ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Kama eneo la shule lilitolewa kwa mdomo, litengenezewe muhtasari sasa, kabla ya fedha.

Pili, muhtasari wa mradi. "Wajumbe walikubaliana kuhusu maendeleo ya shule" haitoshi. Uandikwe hivi: "Mkutano Mkuu wa Kijiji umeidhinisha ukamilishaji wa madarasa mawili, nguvu za wananchi ni mchanga, kokoto, maji na vibarua, vyenye thamani ya shilingi kadhaa kwa bei iliyothibitishwa na mhandisi, kinachoombwa ni vifaa vya lenta kama kiambatisho kinavyoonyesha." Orodha ya mahudhurio yenye sahihi iambatane. Mkutano mkuu unapaswa kukaa kila baada ya miezi mitatu, kwa hiyo ukikosa mmoja umepoteza robo mwaka.

Tatu, kamati. Kwenye fosi akaunti, yaani ujenzi unaosimamiwa na taasisi yenyewe bila kumpa mkandarasi, zinatakiwa kamati tatu: ya ujenzi, ya manunuzi, ya mapokezi ya vifaa. Mtu mmoja asikae mbili. Anayenunua akiwa ndiye anayepokea, hoja ya ukaguzi imeshaandikwa hata kama hakuna kilichoibwa.

Nne, manunuzi. NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi kwa mtandao, unataka mzabuni aliyesajiliwa. Duka la karibu lisilo na namba ya mlipakodi wala risiti ya mashine halitalipwa, hata likiwa na bei nzuri. Na msambazaji aelezwe mapema kwamba malipo ya serikali kwa bidhaa yanakatwa kodi ya zuio ya asilimia 2. Asipoelezwa, atapunguza mzigo kufidia.

Jembe_la_Kata
Hapo kwenye manunuzi ndipo asilimia 10 inaporudi kwa faida. Sheria ya manunuzi inataka asilimia 30 ya manunuzi ya taasisi za umma itengwe kwa makundi maalumu. Kikundi cha vijana kinachofyatua tofali au kutengeneza madirisha kinaweza kuchukua mkopo, kikajisajili NeST, kikashindana kuuza kwenye mradi. Ila mjumbe wa kikundi asikae kwenye kamati ya manunuzi.

SautiYaKitongoji
Nauliza juu ya kuchanganya vyanzo. Lenta kwa Mfuko wa Jimbo, paa kwa bajeti: mkaguzi anakubali?

Daftari_la_Kijani
Anakubali, ilimradi kila shilingi ionekane ilikwenda kazi gani. Hatari ni kulipia kitu kimoja mara mbili: saruji ya lenta imetolewa na Mfuko, halafu BOQ (orodha ya kazi, vifaa na gharama) ya bajeti nayo ina lenta. Mhandisi afanye upya makadirio baada ya lenta, yaanzie pale kazi ilipofika. Daftari la stoo liwe moja, lenye safu za tarehe, kifaa, chanzo cha fedha, kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki, na sahihi mbili. Mifuko 13 ikiingia na 12 ikitumika, ule mmoja usomeke kama salio. Taarifa ya mapato na matumizi isomwe mkutano mkuu na kubandikwa ubaoni.

Na fedha ikiingia Mei, manunuzi yawe yameshaandaliwa. 30 Juni ikipita salio likiwa akaunti, mnaweza kujikuta mnaomba upya.

Mama_Mradi
Michango ya wananchi iamuliwe na mkutano mkuu na kukusanywa na serikali ya kijiji kwa risiti. Tangu elimu bila malipo ianze Januari 2016, mwalimu mkuu akikusanya mlangoni au mtoto akirudishwa nyumbani kwa ajili ya mchango, mradi wote unaingia kwenye mgogoro. Na msisahau choo: tundu moja kwa wasichana 20, moja kwa wavulana 25. Madarasa mawili mapya yanaongeza wanafunzi, kwa hiyo choo kiwe kwenye ombi lile lile la bajeti.

Kichwa_Ngumu
Lenta ikimwagwa na bajeti ikachelewa mwaka, boma linakaaje?

Fundi_Lenta
Linakaa vizuri ukilitayarisha. Msipandishe pembetatu za paa mpaka mbao ziwe zimefika, kwa sababu kuta nyembamba za juu zisizo na paa huangushwa na upepo. Vyuma vilivyoachwa juu kwa ajili ya kufungia mbao vipakwe uji wa saruji, vikipata kutu nyingi havishiki. Juu ya lenta pasawazishwe pawe na mteremko mdogo wa nje ili maji yasituame. Ndani chimbeni mtaro wa kutoa maji, la sivyo mvua itakusanyika chumbani na kulainisha udongo chini ya msingi. Na mbao za boksi zikibanduliwa, zihesabiwe na kurudi stoo: kwenye paa zitahitajika kama jukwaa la mafundi.