Kuachana na programu ya zamani ya mauzo na stoo na kuhamia mfumo wa kivinjari: tuanzie wapi?

Stoo_Mwanza aliandika:

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Ninasimamia hesabu na stoo za biashara ya jumla ya vifaa vya ujenzi hapa Mwanza, yenye tawi moja Geita. Miaka yote tumetumia programu iliyoandikwa kwa Visual FoxPro (lugha ya zamani ya Microsoft ya kutengeneza programu za data) na fundi ambaye siku hizi hafanyi tena kazi hiyo. Mauzo yanakwenda na makeshia wanaijua hata wakifumba macho, lakini inakaa kwenye kompyuta za Windows 7, faili zote za data ziko kwenye folda moja inayofunguliwa na kila mashine, na umeme ukikatika ghafla faili za faharasa (zinazoiwezesha programu kuipata data haraka) huharibika, tukalazimika kuzijenga upya kabla ya kumhudumia mteja wa kwanza. Geita hawaioni stoo ya Mwanza kabisa. Jioni hututumia orodha ya mauzo kwa WhatsApp, nasi tunaiingiza upya kwa mkono.

Wenye mali wameniagiza niwapelekee pendekezo la mfumo unaotumika kupitia kivinjari, na nimeanza kuangalia ERPNext na Odoo, ambazo ni programu za kuendesha mauzo, stoo na hesabu. Ninaomba ushauri wenu kama ni busara kuhama kwa siku moja au kidogo kidogo, kama kumbukumbu za miaka ya nyuma zihamishwe zote, na duka lifanye nini intaneti ikikatika, kwa sababu wateja wetu wa saruji na nondo huja na gari la kukodi na hawana muda wa kusubiri.

Naomba kuwasilisha.

FundiSeva alijibu:

Ndugu Stoo_Mwanza, nianze na swali la intaneti, maana ndilo linalowatisha wengi na kuwafanya wabaki walipo. Mfumo wa kivinjari si lazima uwe nje ya jengo lenu. ERPNext ni programu huria inayokaa kwenye seva (kompyuta kuu inayohudumia nyingine) ya Linux na kutunza data katika hifadhidata ya MariaDB, na seva hiyo inaweza kuwekwa ofisini kwenu Mwanza, kompyuta za kaunta zikaifikia kwa nyaya za mtandao wa ndani hata kama intaneti ya mji mzima imelala. Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zinazoleta intaneti zilipokatika, biashara zilizokuwa na seva nje ya nchi zilipata shida kubwa, wakati waliokuwa na seva ndani waliendelea kuuza.

Tatizo lenu la umeme pia lina sababu inayoeleweka. Katika FoxPro kila kompyuta hufungua faili yenyewe na kuandika moja kwa moja, hivyo ikizimika katikati ya kuandika, huacha jedwali likisema jambo moja na faharasa ikisema jingine. Katika mfumo wa seva, kaunta hutuma ombi tu, na hifadhidata ama hulikamilisha lote ama hulikataa lote. Kinachobaki ni kuilinda seva yenyewe kwa UPS (betri ya akiba) nzuri na nakala ya data inayotoka nje ya jengo kila usiku.

Geita ndiko kutakakotegemea intaneti. Ukurasa wa mauzo wa Odoo, ukiwa umeshafunguliwa, unaweza kuendelea kuuza mawasiliano yakikatika na kuyapeleka mauzo hayo kwenye seva yanaporudi, mradi keshia asiufunge. Hata hivyo, kwa muda huo idadi ya stoo anayoiona si ya kuaminika, na ni vema ajue hivyo kabla hajamwahidi mteja mali iliyoko Mwanza.

Microsoft iliacha kuihudumia Visual FoxPro Januari 2015 na Windows 7 Januari 2020, kwa hiyo sababu ya kuhama mnayo. Lakini hamieni kwa mpango. Hiyo programu haitakufa wiki ijayo.

LejaNaStoo alijibu:

Ninakubaliana na Fundi kuhusu seva, ila kwa maoni yangu uzito wa kazi hii uko kwenye orodha ya bidhaa na kwenye taratibu ambazo programu ya zamani inazitekeleza bila mtu yeyote kuziandika mahali popote.

Chukua nondo ya milimita 12. Nina hakika mkifungua jedwali lenu mtaikuta imeandikwa kwa namna tatu au nne, kila moja ikiwa na salio lake. Kisha kuna suala la vipimo. Mnainunua kwa tani na kuiuza kwa kipande. Nondo hiyo ina uzito wa kilo 0.888 kwa mita, kwa hiyo kipande cha mita 12 kina takriban kilo 10.66, na tani moja ni karibu vipande 94. Fundi wenu wa zamani aliweka kigawanyo fulani ndani ya programu, pengine 93, pengine kingine kulingana na kiwanda mlichokuwa mkinunua kwake. Msipokitafuta na kukiandika, mfumo mpya utaanza na gharama isiyo sahihi ya kila kipande, na faida mtakayoisoma mwisho wa mwezi itakuwa ya uongo hata kama kila keshia amefanya kazi yake kwa uaminifu. Misumari inayoingia kwa katoni na kutoka kwa kilo, na mabati yanayoingia kwa bando na kutoka kwa karatasi, yana suala hilo hilo.

Vivyo hivyo kwa mali kauli. Ni mteja gani anaruhusiwa kuchukua mzigo kabla ya kulipa, hadi kiasi gani, na programu inamzuia deni likifikisha siku ngapi? Kaeni na mtu wa mikopo na muandike kila kanuni kwa Kiswahili cha kawaida kabla hamjamwita muuzaji yeyote wa mfumo kuja kuonyesha bidhaa yake.

Kumbukumbu za nyuma nisingezihamisha. Ingizeni salio la stoo baada ya kuhesabu mali kwa mikono, salio za benki, na ankara za wadaiwa ambazo hazijalipwa, moja moja kwa tarehe zake halisi. Mkiweka deni la jumla kwa kila mteja, ripoti ya umri wa madeni, yaani kila deni limekaa siku ngapi, haitakuwa na maana tena. Sheria ya usimamizi wa kodi inataka kumbukumbu zitunzwe kwa miaka mitano, kwa hiyo ileile programu ya zamani ibaki kwenye kompyuta moja kwa kusoma tu, na majedwali yake yatolewe pia katika CSV, yaani faili za maandishi zinazofunguka hata kwa Excel.

Kila duka lianze tarehe 1 ya mwezi. Ritani ya VAT inapelekwa ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata, na kuijaza huku mauzo ya mwezi mmoja ya duka moja yamegawanyika katika mifumo miwili ni mateso yasiyo ya lazima. Anzeni na Geita, wakiwa na mauzo machache, na Mwanza ifuate miezi michache baadaye.

Stoo_Mwanza aliandika:

Ninawashukuru sana. Nimefungua jedwali la bidhaa na nondo ya milimita 12 ina majina matano. Swali langu la mwisho ni la makeshia: wanafanya kila kitu kwa vitufe vya F, na ankara zetu huchapwa na printa ya riboni kwenye karatasi zenye nakala tatu. Je, kivinjari kitaweza?

KauntaKwanza alijibu:

Kitaweza, lakini lijaribuni hili mapema kuliko yote. Kivinjari kina vitufe vyake: F5 hupakia ukurasa upya, Ctrl+W huufunga. Kama F5 ilikuwa ya kuhifadhi mauzo, keshia ataibonyeza kwa mazoea na ankara ambayo haijahifadhiwa itapotea. Mwombeni mtengenezaji ahamishie kazi hiyo kwenye kitufe kingine na aweke onyo kabla ya ukurasa kupakiwa upya, kisha keshia aliye mwepesi kuliko wote aingize ankara halisi ya bidhaa ishirini bila kugusa kipanya. Akishindwa, foleni itawashinda.

Kuhusu printa, kivinjari huchapa ukurasa kama picha, na printa ya riboni ikichapa picha huwa polepole mno. Inatakiwa programu ndogo kwenye kompyuta ya kaunta, mfano QZ Tray, inayopokea maandishi kutoka kwenye kivinjari na kuyapeleka kwa printa katika lugha yake yenyewe. Pimeni kwa karatasi zenu halisi, muangalie kama nakala ya tatu inasomeka, kwa sababu ndiyo anayobaki nayo mlinzi wa getini mzigo unapotoka.