Askari karudi kutoka vitani, mke anampenda, hali haiboreki. Wanakosea wapi?

Nanga_Mbili: Habari zenu wakuu. Naomba wenye ujuzi. Askari ana miezi 3 tangu arudi kutoka mapiganoni. Usingizi hana, penye watu wengi hakai, na hapo nyumbani ni kama mgeni. Mkewe kambebea kila kitu: simu anapokea yeye, wageni kawazuia, watoto kawakataza kelele. Je, mapenzi hayana msaada kwa maradhi haya?

Mnasihi_Ndoa: Yana msaada mkubwa. Anayerudi kwa mtu wa kumsikiliza ana nafasi nzuri zaidi ya kupona kuliko anayerudi kwenye upweke au ugomvi. Ila hapo kwenye "kambebea kila kitu" ndipo penye kosa, ingawa mama huyo hana baya moyoni. Maradhi yenyewe ni kiwewe, yaani jeraha la akili linalobaki baada ya mambo ya kutisha, nacho hustawi kwa kukwepa. Kila anapookolewa na wageni, anapata nafuu ya papo hapo, na akili inabaki na hakika kwamba wageni kweli walikuwa hatari.

Waache huko kumkinga, pole pole. Wapange yale anayoyakwepa kwa alama za hofu, 0 hadi 10, waanze na lenye 3 au 4: labda mgeni mmoja anayemfahamu, kwa nusu saa. Hofu itapanda, wangoje ishuke angalau nusu ndipo waagane. Wakikatisha ikiwa kileleni, wameipa nguvu. Warudie lile lile mara kadhaa kwa wiki mpaka lichoshe, kisha wapande ngazi. Simu aanze kupokea mwenyewe hata leo.

Muuguzi_Zamu: Niongeze ya usiku. Akiweweseka, mke asimtikise. Mtu anayekurupuka kutoka kwenye jinamizi anaweza kupiga kabla hajajua anampiga nani. Asimame mbali kidogo upande wa miguu, awashe taa, amwite jina kwa sauti ya kawaida: "Uko nyumbani. Ni mimi." Asimguse mpaka ajibu.

Pombe ya kutafutia usingizi inadanganya: inamlaza upesi, halafu inaukatakata usingizi kuelekea alfajiri. Na kama ametumia dawa za sonona (huzuni nzito isiyoisha), nyingi hupunguza hamu ya tendo la ndoa. Mume anaona aibu, anaziacha kimya kimya. Mke naye anadhani hatakiwi tena. Wamwambie daktari abadilishe dawa au kipimo. Kuacha ghafla kunaleta kizunguzungu na wasiwasi mkali.

Nanga_Mbili: Asanteni sana. Huo ugeni wa nyumbani je? Mke anauliza "unaniwazia nini?" mara kumi kwa siku, jibu ni "hamna kitu".

Mnasihi_Ndoa: Hiyo ni ganzi ya hisia, na katika dalili zote ndiyo inayoitafuna ndoa zaidi, kwa sababu inafanana kabisa na kutopendwa. Mke akizidi kuuliza, mume anazidi kujifungia. Wakubaliane neno moja la kusimamisha mazungumzo, na anayelitamka ataje muda wa kurudi, tuseme dakika 30, kisha arudi yeye mwenyewe bila kuitwa. Mke hana haja ya kusikia picha za vitani. Aulize jambo dogo la leo: "Mlango ulipogonga, mwili ulifanyaje?"

Dalili zikipita mwezi 1 na kuvuruga maisha, huyu keshapita, waende kwa mtaalamu. Ipo tiba ya wanandoa ya vikao 15 iliyotungwa kwa hali hii hasa. Jaribio lake lililochapishwa 2012 lilionyesha dalili zikipungua na kuridhika na ndoa kukipanda. Lakini kukiwa na kipigo nyumbani, usalama wa mke na watoto unatangulia, si vikao vya pamoja.

Muuguzi_Zamu: Na wakifikia kutengana, hicho ndicho kipindi cha hatari kubwa ya kujiua. Aulizwe wazi, "Unafikiria kujiua?" Swali hilo halimpandikizii wazo. Silaha itoke nyumbani siku hiyo hiyo. Akikubali kwamba anafikiria, asiachwe peke yake hata dakika moja mpaka afikishwe hospitali.