Mtetemo au sampuli za oili: tuanze na lipi?

Kasia: Wakuu habarini. Mwenye meli amekubali tuache kufungua mashine kwa kufuata saa za kazi zilizopangwa na kitabu cha mtengenezaji peke yake, tuanze kuujua ubovu kabla haujatufika. Kuna ofa mbili mezani: vihisi vya mtetemo vya kufunga moja kwa moja, au mkataba wa kupima sampuli za oili, maabara itafute chembe za chuma na maji ndani yake. Bajeti inabeba moja. Natakiwa kujibu Ijumaa. Mngechagua ipi?

Gololi: Mkuu, hapo hujatuambia kitu. Meli ngapi? Injini kuu inazunguka kasi gani? Mnakaa baharini siku ngapi?

Kasia: Samahani mkuu. Meli mbili za shehena kavu. Injini kuu ya mipigo miwili, mizunguko 110 kwa dakika. Jenereta tatu kila meli, mizunguko 900. Safari siku 15 hadi 20.

Gololi: Basi mtetemo, ila kwa pampu, separeta (mashine za kusafishia mafuta na oili) na feni. Hizo zina beringi za gololi. Njia ya gololi ikianza kumeguka, kila gololi inapopita inagonga, na kihisi hupata mlio huo mapema kuliko sikio. Injini kuu iache. Inazunguka polepole na shafti yake inaelea juu ya utando wa oili. Ubovu wa pale utafute kwenye oili.

Zamu ya Usiku: Oili ni nzuri, lakini sikilizeni yaliyotukuta. Tulitoa sampuli ya jenereta namba 2, tukabandika lebo, chupa ikakaa kabatini siku 18 tukisubiri bandari. Kisha maabara, kisha foleni. Majibu yalikuja sodiamu na magnesi zimepanda pamoja, maana yake maji ya bahari yameingia. Wakati huo tulishafungua mfuniko wa krenki wenyewe: oili nyeupe kama maziwa, beringi kuu mbili zimekwaruzika hadi kucha inanasa. Kipoza oili kilikuwa kimetoboka bomba moja tu. Ukichukua mkataba, nunua na kifaa cha kupimia maji kwenye oili humo humo melini.

Mzee wa Bilji: Vijana, kusikiliza mashine kwa bisibisi, ncha kwenye mashine na mpini sikioni, kumenilinda miaka 30.

Gololi: Shikamoo mzee. Sikio lako tunaliheshimu, ila ukishuka meli linashuka nawe. Namba zinabaki kwa anayekupokea zamu.

Mzee wa Bilji: Marahaba. Namba nazo zinataka msomaji. Nimeona kihisi kimebandikwa kwa sumaku juu ya rangi nene, kinasoma upuuzi mwaka mzima na hakuna aliyeuliza.

Nanga2: Kasia, kwanza waulize waainishaji wenu, yaani shirika linalokagua meli na kuipa cheti. Lloyd's Register na DNV wanaweza kukubali ufuatiliaji wa hali ya mashine badala ya kufungua kwa ratiba, lakini mpango lazima waupitishe wao. Bila hivyo utafunga vihisi na bado utafungua pampu.

Kasia: Hilo sikulijua, nitauliza kesho. Oili tumewahi kupima mara mbili, majibu yalitofautiana sana.

Gololi: Sampuli mlitoa wapi?

Kasia: Chini, kwenye bomba la kumwagia, injini imezimwa.

Gololi: Mkuu, hapo mlipima tope. Toa kabla ya filta, injini ya moto na inafanya kazi, mwaga kwanza ile iliyolala kwenye bomba, na kila mara iwe sehemu ile ile. Rudia hivyo kabla ya Ijumaa, halafu tuletee majibu hapa.