Programu ya Qt: Linux iko sawa, Windows na Mac vitufe vinavurugika. Nifanyeje?

mchoraji_skrini: Wakuu, habari zenu. Nina programu ya mauzo ya duka, nimeiandika kwa Qt 6 (zana za kutengeneza programu za mifumo mbalimbali) na QML (lugha yake ya kuandika kiolesura). Kwenye Linux vitufe vyangu vya kijani vimekaa vizuri. Nikiijenga Windows na macOS linatoka onyo kwamba mtindo (style) uliopo hauruhusu kubadilisha `background`, yaani mandharinyuma ya kitufe. Sitaki kuandika kiolesura mara tatu. Naomba ushauri.

Kipanga: Mkuu, hukuchagua mtindo, kwa hiyo Qt imekuchagulia: Linux imepata Fusion, Windows na Mac zimepata mitindo yao wenyewe. Fusion imechorwa kwa QML, ndiyo maana inaikubali `background` yako. Ile miwili inafuata uchoraji wa mfumo endeshi, haikutengenezwa ili uipake rangi.

Hamishia kitufe kwenye faili lake, `KitufeKikuu.qml`, na humo tu andika `import QtQuick.Controls.Basic` (Basic ni mtindo mwingine unaokubali kubadilishwa). Mafaili mengine yaache na `import QtQuick.Controls`. Kitufe kitafanana kote, vingine vitabaki na sura ya mfumo. Ukitaka programu nzima ifanane, weka `QQuickStyle::setStyle("Fusion")` ndani ya `main.cpp` kabla QML haijapakiwa; ukichelewa haina athari. Kwenye CMake (chombo cha kujengea programu) unganisha `Qt6::QuickControls2`.

Bi_Msimbo: Njia ya kwanza ndiyo bora kwa duka. Keshia hasomi vitufe, mkono unakwenda palepale ulipozoea. Windows huweka OK kabla ya Cancel, Mac huweka OK mwisho kulia. Kwa hiyo usivipange mwenyewe kwa `Row` (safu ya mlalo). Tumia `DialogButtonBox` na `standardButtons`, itavipanga yenyewe.

Halafu ondoa kila kimo ulichokikaza, kama `height: 24`. Ukija kuipeleka kwenye simu, Material, mtindo wa Qt kwa Android, ina nafasi kubwa ndani ya visanduku vya maandishi, ukibana kimo herufi zinakatwa. Rangi nazo zichukue kwenye `palette.window` na `palette.text`, ukiandika `"#ffffff"`, mtu akiwasha hali ya giza atapata maandishi meupe juu ya meupe. Kujaribu huhitaji simu: `QT_QUICK_CONTROLS_STYLE=Material ./duka` inatosha kuonyesha palipobana. Mtindo wa Windows na wa macOS ni lazima uende kuujaribu kwenye mashine zake.

mchoraji_skrini: Asanteni sana. Na kama skrini moja tu, ya mipangilio, inatakiwa iwe tofauti kwenye Windows? Na Ctrl+S kwa watu wa Mac?

Kipanga: Acha `Mipangilio.qml` ya kawaida, kisha weka nyingine yenye jina lilelile ndani ya folda `+windows`. Zote mbili ziorodheshe kwenye CMake. Ukiisahau ya pili hupati kosa lolote, inapakiwa ya kawaida kimyakimya. Kuhifadhi, andika `StandardKey.Save`. Usiandike `Meta+S` ukidhani ndiyo Command: kwenye Mac, Qt huigeuza Ctrl kuwa Command, na Meta inakuwa kitufe cha Control.