Ripoti ya CT ya baba na upasuaji wa roboti: tuuze shamba au tusubiri?

Kijana wa Kibosho: Habari wakuu. Niko Moshi, baba ana miaka 61. Alianza kulalamika koo upande wa kushoto, na sikio la upande huohuo. Zahanati moja ikampa dawa za mafindofindo miezi mitatu. Siku namnyoa ndevu nikagusa kitu shingoni, kigumu kama kokwa ya parachichi, wala hakimuumi. Hospitali ya rufaa wakakata kinyama: saratani ya tonsili.

Shemeji aliyeko nje anasema kuna roboti inayoondoa uvimbe kwa kupitia mdomoni, India wanafanya. Kihamba, yaani shamba la ukoo la nyumbani, hakiguswi, ila shamba la tambarare mnunuzi yupo. Picha ya CT, ile ya kuonyesha ndani ya mwili, tunayo. Nishaurini, usingizi sipati.

Mama Wawili: Pole sana mwanangu. Mungu amtie nguvu mzee.

Mpiga Picha Sakina: Pole mkuu. Nafanya kazi idara ya mionzi hapa Arusha. Uvimbe una sentimita ngapi? Na mzee akifungua mdomo, vidole vyake vitatu vinaingia?

Kijana wa Kibosho: Sentimita 3.2. Vidole vinaingia.

Mpiga Picha Sakina: Hapo sawa. Roboti haikati yenyewe, daktari ndiye anayeiongoza. Marekani waliiruhusu kwa koo mwaka 2009, kwa uvimbe ambao bado mdogo, kawaida usiozidi sentimita 4. Faida yake ni kwamba taya halipasuliwi.

Ila anayeamua nani anafaa ni picha. Mwombe daktari aangalie mshipa mkubwa wa shingo unaopeleka damu kwenye ubongo. Kuna watu wamezaliwa nao umepinda, umekuja nyuma ya tonsili kabisa. Ukikata pale unacheza na roho ya mtu. Aangalie pia kama uvimbe umeshika taya, misuli ya kutafuna au nyama zilizo mbele ya uti wa mgongo. MRI, picha inayopigwa kwa sumaku, huonyesha nyama laini vizuri kuliko CT. Halafu hilo tezi la shingoni: ripoti imeandikaje?

Kijana wa Kibosho: "Kingo hazieleweki, limeingia kwenye mafuta ya jirani."

Mpiga Picha Sakina: Kaka, hapo ndipo penyewe. Hiyo ni dalili kwamba saratani imetoka nje ya tezi. Ikithibitika, hata akikatwa na roboti, baada ya hapo kwa kawaida atahitaji mionzi ya tiba na kemo, yaani dawa za kuua saratani. Yaani mzee abebe matibabu matatu kwa mwili mmoja, wakati mionzi na kemo peke yake vingeweza kumtibu. Uliza pia kama kile kinyama kimepimwa p16, alama inayoashiria kirusi cha HPV. Ikiwa saratani imetokana na kirusi cha HPV, mara nyingi huitikia mionzi vizuri.

Binti Machame: Baba yangu mdogo alipita njia hiyo ya mionzi Ocean Road, hospitali ya saratani Dar. Wiki saba, siku tano kila wiki. Wiki ya nne mate yalikauka, tukawa tunamchujia mtori uwe kama maji, tunampa kijiko kwa kijiko. Mpelekeni kwa daktari wa meno kabla hajaanza, sisi tulichelewa. Leo anakula kiburu mwenyewe. Shamba lako litatakiwa kwa nauli na malazi ya Dar, usiliuze kwa haraka.

Kijana wa Kibosho: Nimesoma kila neno, nimemsomea na mama. Mnunuzi nimempigia asubiri. Jumatatu saa mbili asubuhi tuko kliniki, baba na mimi, na bahasha ya picha.